Kifaru nacho hubebwa: historia ya malori yasiyopigiwa makofi

Wacha nianze na maneno yatakayowaudhi mashabiki wa vita na sinema za vita: kifaru ni mashine ya kifahari isiyoweza kujipeleka kazini. Ndiyo, kifaru kile kile cha mzinga mrefu, kinachopita kwenye gwaride watu wakashika simu kurekodi. Kikitakiwa kufika mbali, lazima kitafutiwe lori la kukibeba mgongoni kama mtoto. Nguo ya kubebea mtoto tunaiita mbeleko. Basi kifaru nacho kina mbeleko yake, ina matairi arobaini na injini ya dizeli, na leo nataka tuiongelee.

Kwa nini nijisumbue na malori wakati kila mtu anataka hadithi za mizinga? Kwa sababu nimesoma historia ya vita vya vifaru kwa muda sasa, na kuna kitu kinajirudia hadi kinachosha: mara nyingi mambo yaliamuliwa kabla ya risasi ya kwanza, barabarani, na watu ambao majina yao hayamo vitabuni. Aliyebebwa alipewa sifa. Aliyembeba alipewa pancha.

Hebu kwanza tuelewe shida iko wapi. Kifaru hakina matairi, kinatembea kwa minyororo ya chuma. Ile minyororo ni vipande vingi vilivyounganishwa kwa pini, na kila kilomita inakula pini, inakula mipira ya chini, inakula magurudumu madogo ya ndani. Kwenye tope na mchanga hiyo minyororo ni baraka, maana inatandaza uzito na kifaru hakizami. Kwenye lami ndefu ni laana. Inaichana barabara, inajichana yenyewe, na inawatikisa wanajeshi walio ndani hadi wanafika wakiwa wamechoka kuliko adui.

Alafu kuna mafuta. Kifaru cha Marekani cha Abrams kinabeba karibu lita 1,900, na hizo zote zinakipeleka kama kilomita 420 hivi. Nairobi hadi Mombasa ni karibu kilomita 480. Fanya hesabu: umejaza tangi pomoni, umetoka Nairobi asubuhi, na unazimika ukiwa umepita Voi, bahari hujaiona. Lita 1,900, bana. Na bado hujapigana na mtu.

Kwa hivyo majeshi yote yenye akili huamini jambo moja: kilomita za kifaru ni za kupigania. Za kusafiria, tafuta kitu kingine kiingie gharama.

Mwanzoni kitu hicho kilikuwa treni. Septemba 15, 1916, Waingereza walipotumia vifaru kwa mara ya kwanza duniani, kule Somme, Ufaransa, vililetwa karibu na vita kwa reli. Vilikuwa vipana mno kwa mabehewa, ikabidi vile vibanda vya mizinga vya ubavuni vifunguliwe na visafirishwe kando, kisha vifungwe tena. Kati ya vifaru 49 vilivyokuwepo, ni 32 tu vilivyofika mstari wa kuanzia shambulio. Hao wengine hawakuuliwa na Mjerumani. Waliuliwa na safari, tena safari fupi tu ya kutoka stesheni hadi mbele.

Mtu angedhani somo limeeleweka. Lakini treni ina kasoro moja kubwa: inaenda pale reli ilipo, na adui anajua reli ilipo.

Mwaka 1940 hiyo kasoro ikawauma Waingereza. Kikosi chao cha vifaru vya Matilda kilikuwa Ubelgiji na vifaru 100. Wajerumani walipovunja ngome za Ufaransa, kikosi kikaamriwa kirudi kusini haraka. Reli zilikuwa zimevurugika, malori ya kubebea vifaru hayakuwepo ya kutosha, basi vifaru vikatembea vyenyewe, karibu kilomita 200. Mei 21, 1940, siku ya shambulio la Arras, vilivyokuwa tayari kuingia vitani vilikuwa 74. Robo nzima ilipotea barabarani. Na hao 74 waliwatia Wajerumani hofu kubwa, akiwemo Rommel, aliyekuwa akiongoza divisheni pale. Sitawaambia kwamba wale 26 wangebadilisha vita. Lakini swali linabaki pale linakutazama.

Mwaka uliofuata mambo yakawa mabaya zaidi. Waingereza walipeleka Ugiriki vifaru karibu 60 vya aina ya A10, vilivyokuwa tayari vimechakaa. Milima, mawe, barabara mbovu. Zaidi ya asilimia 90 ya vifaru hivyo vilipotea kwa kuharibika, hasa minyororo kukatika, si kwa kupigwa na adui. Sasa fikiria wewe ni dereva wa kifaru. Umefunzwa miezi, umeandika barua nyumbani, umejiandaa kufa kishujaa. Unaishia kuteketeza mashine yako mwenyewe kando ya barabara ili isichukuliwe, kwa sababu pini imekatika. Hiyo haijengewi sanamu.

Hapo ndipo lori linaingia kwenye hadithi.

Waingereza walikuwa na lori moja zuri, Scammell Pioneer. Lilikuwa na injini ya dizeli ya Gardner yenye nguvu za farasi 102. Mia moja na mbili tu! Kuna magari madogo ya familia saa hii yanayoishinda. Lakini giaboksi yake ilikuwa ya subira, na ekseli zake zilipanda na kushuka kwenye mashimo kama miguu ya mbuzi. Rejeta yake ilikuwa na chungu kirefu juu, mvuke ukitoka, wanajeshi wakaibatiza jina la birika la kahawa. Shida ya Scammell ilikuwa moja: kiwanda kilikuwa kidogo na vita vilikuwa vikubwa. Hayakutosha kamwe.

Kwa hivyo mwaka 1940 Waingereza wakaenda Marekani na orodha ya mahitaji. Tunataka lori la dizeli, lenye winchi kubwa, livute trela lenye kifaru. Kampuni ya Chicago iitwayo Diamond T ikajibu na modeli ya 980, baadaye 981. Injini ya Hercules ya lita 14.7, nguvu kama 200 za farasi, na trela la kubeba tani 45. Mwendo wake wa juu ulikuwa kama kilomita 37 kwa saa. Yaani bodaboda yoyote ya Githurai ingelipita dereva akiongea na simu. Lakini lilikuwa linafika. Yalitengenezwa zaidi ya 5,000 kabla vita kuisha.

Tofauti kati ya 980 na 981 inanifurahisha, maana inaonyesha kwamba kuna mtu aliwasikiliza madereva. Waya wa winchi ya 980 ulikuwa na urefu wa mita 91 na ulivutia nyuma peke yake. Wa 981 ukaongezwa hadi mita 152, na mbele ya lori kwenye bampa pakawekwa njia ya kupitishia waya. Kwa nini? Kwa sababu jangwani lori lenyewe lilikuwa linakwama. Waya ukipita mbele, lori linajivuta lenyewe kutoka mchangani. Hilo wazo halikutoka kwa mtu aliyekaa ofisini tu.

Kazi ya malori haya kule Libya na Misri haikuwa kupeleka vifaru vitani peke yake. Ilikuwa pia kuvirudisha. Vita vya jangwani vilikuwa hivi: mchana mnapigana, jioni mnarudi nyuma, na katikati mnaacha mizoga ya chuma. Kifaru kilichokatika mnyororo ama kupigwa injini hakijafa. Ukikileta karakana, mafundi wakikishughulikia, baada ya siku chache kinarudi kazini. Ukikiacha, adui anakivuta yeye, ama anakilipua. Wajerumani walikuwa hodari sana kwa hii kazi, na mwanzoni Waingereza waliumia. Oktoba 1942, wiki chache tu kabla ya vita vya El Alamein, Uingereza ikaunda kikosi kizima cha mafundi wa jeshi, REME, kwa sababu hatimaye walikubali kwamba spana ni silaha.

Wadau, kuna methali yetu: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wa mwenzako daima unaonekana mwepesi kama sufi. Jenerali anachora mshale kwenye ramani, unatoka hapa unafika pale, sekunde mbili. Mtu wa lori ndiye anayejua huo mshale una uzito wa tani ngapi.

Sasa twende upande wa Wajerumani, maana huko kuna funzo tofauti kabisa. Wao walikuwa na vifaru vya kutisha, kama Tiger, chenye tani 57. Lakini lori la kukibeba Tiger hawakuwa nalo kwa maana yoyote ya maana. Kikiharibika, kilihitaji kuvutwa na magari makubwa ya nusu minyororo, mara nyingi matatu yamefungwa mfuatano kama punda. Kikitakiwa kusafiri mbali, kilipanda treni. Na ili kitoshee kwenye behewa, ilibidi minyororo yake mipana ivuliwe na kuvishwa mingine myembamba ya safari, kisha kikifika ivuliwe tena. Mnyororo mmoja ni tani kadhaa. Fanya hiyo kazi usiku, ndege za adui zikizunguka juu.

Kutegemea reli kuliwagharimu Juni 1944. Washirika waliposhuka Normandy tarehe 6, divisheni ya SS iitwayo Das Reich ilikuwa kusini mwa Ufaransa, karibu na Montauban, kama kilomita 700 kutoka ufukweni. Ilitakiwa iende kaskazini kuwatupa wavamizi baharini. Ilihitaji mabehewa ya wazi ya kubebea vifaru. Na mabehewa hayo yalikuwa yameguswa.

Idara ya siri ya Uingereza, SOE, ilikuwa na kijana anaitwa Tony Brooks, aliyerushwa Ufaransa kwa mwavuli mwaka 1942 akiwa na miaka 20 tu. Mtandao wake ulikuwa wa wafanyakazi wa reli, watu wa kawaida kabisa, wale huwezi kuwatazama mara mbili stesheni. Walitoa oili kwenye ekseli za yale mabehewa na kuweka grisi iliyochanganywa na unga wa kukwaruza chuma. Behewa linaonekana zima. Linapakiwa. Linatembea kidogo, ekseli inashika moto, inaganda. Basi.

Das Reich wakalazimika kutembeza vifaru kwa minyororo barabarani, huku wapiganaji wa upinzani wakiwavizia kila kona. Vifaru vikaharibika njiani kimoja baada ya kingine. Safari ambayo ingechukua siku chache ikachukua zaidi ya wiki mbili. Kule Normandy, hizo wiki mbili zilikuwa pumzi ya uhai kwa askari waliokuwa wameshuka.

Lakini nisiwapambie. Njiani wanajeshi wa divisheni hiyo walifanya unyama. Tulle, Juni 9, waliwanyonga watu 99. Oradour-sur-Glane, siku iliyofuata, waliua zaidi ya wanakijiji 640, wanawake na watoto wakichomwa ndani ya kanisa. Kwa hivyo hadithi ya grisi si hadithi tamu ya ujanja. Watu waliochelewesha vifaru walijua adui wao ni nani, na wanavijiji ndio waliolipa. Ninachosema ni hiki: nguvu za divisheni nzima yenye sifa za kutisha zilikuwa zimekaa kwenye ekseli ya behewa, na mtu mwenye kopo la grisi alizishika mkononi. Anayebeba ana nguvu. Mara nyingi hata yeye hajui.

Wamarekani wenyewe mwishoni mwa vita walileta dude lao, M25, maarufu kama Dragon Wagon. Kichwa chake kilikuwa na bamba la chuma la kuzuia risasi, injini ya petroli ya nguvu 240 za farasi, na trela la tani 40 nyuma. Lilitengenezwa na Pacific Car and Foundry. Jina halikuambii kitu? Kampuni hiyo leo inaitwa PACCAR, na ndiyo yenye DAF. Zile DAF unazoziona zikipanda mteremko wa Salama polepole na kontena, ukoo wao unapita hapo.

Baada ya vita vifaru viliendelea kunenepa, na malori yakanenepa navyo. Hapa kuna mambo mawili nayapenda sana. Waingereza walikuwa na lori liitwalo Thornycroft Antar. Halikuanza kama lori la jeshi. Lilibuniwa kubeba mabomba marefu ya mafuta jangwani, Mashariki ya Kati, karibu mwaka 1950. Jeshi likalitazama, likasema: anayebeba bomba atabeba kifaru. Injini yake, Meteorite ya lita 18, ilikuwa ndugu mdogo wa injini ya Meteor iliyokuwa ndani ya kifaru cha Centurion. Na hizo zote mbili zimetokana na Merlin, injini ya ndege za Spitfire. Kwa hivyo lori na kifaru kilicho mgongoni vilikuwa na damu moja.

Wasovieti nao, bila kuombana ruhusa, wakafanya vivyo hivyo. Lori lao MAZ-537, lililotoka kiwanda cha Minsk na baadaye Kurgan, lilikuwa na dizeli ya silinda 12 na nguvu 525 za farasi. Injini hiyo ilitoholewa kutoka ile ya kifaru cha T-34. Ukifikiria vizuri inaeleweka: kitu pekee chenye nguvu za kubeba kifaru ni moyo wa kifaru.

Sasa, ungedhani baada ya haya yote majenerali wangeacha kusahau malori. Thubutu!

Mwaka 1956, Nasser alipotaifisha Mfereji wa Suez, Uingereza ikaamua kwenda kuuchukua kwa nguvu. Vifaru vilikuwepo. Malori ya kuvifikisha bandarini, nyumbani kwao wenyewe, Uingereza, hayakutosha. Ikabidi wakodi Pickfords, kampuni ya kiraia ya kuhamisha mizigo. Dola kubwa, bado inajiona inatawala nusu ya dunia, tukiwemo sisi hapa, imekodi watu wa kuhamisha nyumba ili iende vitani. Ilichukua wiki kadhaa kupakia vifaru hivyo. Huko nje dunia ilikuwa inaendelea kuongea, na kuipinga.

Oktoba 6, 1973, Misri na Syria zilipoishambulia Israel, askari wa akiba wa Israel waliitwa mbio. Malori ya kubebea vifaru hayakutosha, na vifaru vingi vya kwenda Sinai vikatembea kwa minyororo yake jangwani. Vingine vikaharibika hata kabla ya kumwona Mmisri. Arras tena. Miaka 33 baadaye, somo lile lile, mwanafunzi mwingine.

Alafu ikaja 1990. Iraq imeiteka Kuwait. Marekani, jeshi tajiri kuliko yote, inapeleka Saudi Arabia vifaru vya Abrams kwa mamia. Malori yake ya kuvibeba, M911, yalikuwa na trela lililoundwa enzi ya kifaru chepesi zaidi. Abrams alikuwa amelizidi uzito. Matairi yakawa yanapasuka kwenye joto la jangwa. Na hata hayo yaliyokuwepo hayakutosha hata kidogo.

Mtu aliyepewa huo mzigo alikuwa Jenerali William Pagonis, mkuu wa ugavi na usafirishaji. Akafanya kile mama yeyote wa harusi ya kijijini hufanya viti vikipungua: akaenda kwa majirani. Akakopa na kukodi Saudi Arabia, Misri, Italia, Ujerumani, hadi akachukua malori yaliyotengenezwa na nchi za upande wa pili wa Vita Baridi. Mwishowe alikuwa na zaidi ya elfu moja. Malori yaliyojengwa kubeba vifaru vya Kisovieti sasa yalibeba vifaru vya Marekani. Historia ina utani wake.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Kuanzia Januari 17, 1991, ndege zilipoanza kupiga, majeshi mawili makubwa ya Marekani yalihamishwa kwa siri kuelekea magharibi, mengine karibu kilomita 800, ili yaje yaizunguke Iraq kutoka pembeni. Barabara kuu ilikuwa moja, Tapline, njia mbili tu, iliyojengwa kando ya bomba la mafuta. Mafuta tena! Lori la Antar lilizaliwa na bomba, na barabara hii pia. Kwa wiki kama tatu, usiku na mchana, magari yalipita bila kukatika. Februari 24 vita vya ardhini vikaanza. Vilidumu saa 100. Kila mtu anakumbuka hizo saa 100. Nani anakumbuka wiki tatu za Tapline?

Na nani alikuwa anaendesha? Wanajeshi, ndiyo, lakini pia madereva wengi wa kandarasi kutoka nchi kama Pakistan, Bangladesh na Ufilipino, watu waliokuwa Saudi Arabia kutafuta riziki. Hawakuwa na vita na Saddam. Walikuwa na karo ya shule nyumbani. Leo tuna ndugu zetu wengi Ghuba, Wakenya wanaoendesha malori na mabasi huko, na unajua vizuri vile tunawaongelea: tunahesabu pesa wanazotuma, hatuhesabu kilomita. Vita vikizuka kesho, watakaoambiwa washike usukani si wageni kwetu.

Baada ya hapo Marekani ikatengeneza lori jipya kabisa, Oshkosh M1070, lililoanza kuingia kazini mwanzoni mwa miaka ya tisini. Trela lake lina matairi 40. Kichwa kina nafasi ya wale wa kifaru kukaa na kusinzia, wafike wakiwa watu. Likiwa limebeba Abrams, uzito wote unapita tani 100. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inasema lori la kawaida lisizidi tani 56. Nawaza tu hilo dude likiingia mizani ya Mariakani, na uso wa yule jamaa wa kusoma mashine.

Nimefika nyumbani, basi wacha nibaki. Septemba 2008, maharamia wa Kisomali waliiteka meli ya MV Faina ikiwa na vifaru 33 aina ya T-72. Februari 2009 ikaachiliwa baada ya fidia na ikafika Mombasa. Kenya nzima ilikuwa na swali moja: hivi vifaru ni vya nani? Serikali ikasema ni vyetu, wengine wakasema ni vya Sudan Kusini. Ni swali halali. Lakini kila T-72 moja ina zaidi ya tani 40, na hatukusikia mtu akiuliza: kinabebwa na nini, spea zake ziko wapi, nani amefunzwa kukipakia? Hatuko peke yetu. Ni ugonjwa wa dunia nzima. Tunapenda kununua kifaru, tunasahau kununua lori.

Na hii si ya jeshi pekee. Mashine ya hospitali inafika kaunti, inakatiwa utepe, hakuna fundi. Trekta linafika, hakuna dereva wala chujio la oili. Picha zinapigwa na kifaru. Bajeti ya lori inapunguzwa kwa sababu haina picha nzuri. Ukiwa raia na unataka kujua kama mradi ni wa kweli, usiulize bei ya mashine. Uliza nani anaibeba, nani anaitengeneza, na kama huyo mtu amelipwa.

Jambo la mwisho. Sisi wenyewe tuna historia ya usukani. Mwaka 1941 majeshi yaliyotoka Kenya chini ya Jenerali Cunningham yalipita Somalia hadi Addis Ababa, kama kilomita 2,700 kwa chini ya miezi miwili, na Aprili 6 yakaingia mji. Safari hiyo ilikuwa ya malori. Mwaka 1944 askari wa Afrika Mashariki walikuwa Burma, bonde la Kabaw, masika yakinyesha, barabara imegeuka uji. Vijana wetu walikuwa kwenye usukani, mafundi, mataniboi, wapakiaji, katika kikosi cha ugavi na usafirishaji cha Afrika Mashariki. Tukisema babu alikuwa Keya tunawaza bunduki. Wengi walishika usukani na spana. Waliporudi, ujuzi huo wa kuendesha na kutengeneza magari ulikuwa ndio mali pekee waliyorudi nayo wengine wao.

Majenerali wana vitabu vyao. Hao wetu wengi hawana hata ukurasa. Kwa hivyo kama nyumbani kwenu kuna picha ya zamani ya mzee amesimama kando ya lori la jeshi, ama kitabu chake cha kazi kimefungwa kwenye sanduku chini ya kitanda, kitoe. Piga picha kila ukurasa. Muulize shangazi aliyebaki: lori gani, kutoka wapi hadi wapi, walibeba nini, nani hakurudi. Andika na majina na tarehe. Fanya hivyo mwezi huu, maana wanaokumbuka wanapungua, na hii mizigo hakuna mtu mwingine atakayetubebea.